Nyama tupu haimjengi mbwa mdogo

Hapa Mbeya siku hizi naletewa sana mbwa wadogo wa manyoya, wamepakatwa ndani ya kitenge, na kabla sijamaliza kupima joto mwenye mbwa ameshaniambia kwa fahari: huyu hali ugali wala pumba, anakula nyama mbichi, steki safi ya buchani. Naelewa nia yake. Ametoa fedha yake kwa upendo. Ndiyo maana nataka kueleza vizuri steki hiyo inafanya nini mwilini.

Dada mmoja wa mtaa wa Forest aliniletea mtoto wa mbwa wa miezi minne, Chihuahua chotara, hataki kusimama. Miguu ya mbele imepinda. Nilipogusa paja lake kwa kidole gumba, taratibu kabisa, alilia hadi waliokuwa nje wakanyamaza.

"Dokta, sijui kaanguka wapi, maana hata chini halali."

"Anakula nini, dada?"

"Steki tupu tangu nimchukue. Nusu robo kwa siku."

Hakuwa ameanguka. Gramu 100 za steki zina madini ya fosforasi kama miligramu 200, lakini kalsiamu ni kama miligramu 10 tu. Mbwa anahitaji kalsiamu izidi fosforasi kidogo, kama 1.2 kwa 1. Moyo na misuli haviwezi kufanya kazi bila kalsiamu kwenye damu, kwa hiyo ikikosekana kwenye chakula mwili unaichomoa mifupani. Mtoto wa mbwa hana akiba ya kuchomolewa. Mifupa yake inalainika, inapinda, inavunjika kwa kuruka tu kutoka kwenye kochi. Tulibadilisha chakula, tukamweka kwenye boksi asirukeruke, na baada ya wiki kadhaa akatembea. Mguu mmoja umebaki na kilema.

Wengine hunijibu kwamba mbwa mwitu mbona anaishi kwa nyama mbichi. Ni kweli, ila yeye anamla swala na mifupa yake na maini yake. Hachagui steki.

Basi ukiamua kulisha nyama, mbichi au ya kuchemsha, weka kalsiamu. Chukua maganda ya mayai, yachemshe, yakauke kabisa, kisha yasage yawe unga laini kama wa sembe. Nusu kijiko cha chai kwa nusu kilo ya nyama. Maini yawepo, lakini kidogo, kama gramu 25 katika hiyo nusu kilo, kwa sababu vitamini A ikizidi nayo inaharibu mifupa. Mbwa mzima wa kilo 4 hahitaji zaidi ya gramu 80 hadi 120 za chakula hiki kwa siku. Hata hivyo hiki ni chakula cha mbwa mzima. Mtoto anayekua usimpangie kwa kukisia, mlete tumpangie. Shingo mbichi ya kuku wengine huwapa, lakini mbwa mdogo mwenye pupa huimeza nzima ikamkwama. Mfupa uliopikwa usimpe kabisa, unapasuka vipande vyenye ncha.

Kinachonitisha zaidi ni mapafu na maini mabichi yanayouzwa rahisi "ya mbwa". Nimewahi kupasua pafu la kondoo machinjioni, ndani mna kifuko cheupe kama ndimu, kimejaa maji maangavu, na chini ya maji yale chembechembe kama mchanga. Kila chembe ni kichwa cha tegu, yule mnyoo bapa. Mbwa akila pafu hilo, tumboni mwake wanakua tegu wengi wa milimita chache tu, na mwenyewe anaonekana mzima kabisa. Mayai yanatoka na kinyesi, yanashika kwenye manyoya, mtoto anamkumbatia mbwa kisha anakula bila kunawa. Miaka inapita, kifuko kama kile kinakua kwenye ini la mtoto.

Kuna pia bakteria kama salmonela. Friza inawalaza tu, haiwaui, na umeme ukikatika wanaamka. Wengi huku huacha nyama juu ya kabati usiku wa Juni, wanasema baridi yetu ni friji tosha. Saa nne asubuhi jua limeshawaka na nyama bado iko palepale. Kisu na ubao wa nyama ya mbwa viwe vyake peke yake. Kwenye nyumba yenye mtoto mchanga, mjamzito au mgonjwa, mimi sikubali nyama mbichi hata kidogo.

Mbwa wangu nampikia. Mapafu na maini chemsha nusu saa nzima tangu maji yaanze kutokota. Na kama mbwa wako ameshawahi kula mapafu mabichi, mlete apimwe uzito apewe prazikwanteli, maana dawa nyingi za kawaida za minyoo hazimuui tegu huyu.