Sukari ya miaka mingi na kusahau uzeeni, maswali mnayouliza sana

Mama ana sukari mwaka wa 14, siku hizi anauliza kitu kilekile mara nne. Si uzee tu?
Usikimbilie uzee. Mzee kusahau jina la mtu halafu likamjia jioni, hiyo kawaida. Ila akidai hajanywa chai na kikombe kiko mbele yake, au pilau aliyopika miaka yote sasa hivi hajui kianze kitunguu au mchele, mpelekeni akapimwe na mseme wazi ana sukari ya muda mrefu.

Sukari inafikaje kichwani?
Kwenye damu. Ubongo unalishwa na vijimishipa vidogo sana na sukari ikikaa juu miaka na miaka inaviharibu kama inavyoharibu vya macho na figo, tofauti ni kwamba jicho likififia utalalamika, ya kichwani inakwenda kimyakimya. Mtu anapata viharusi vidogo vidogo, mdomo haupindi, mkono haupoozi, lakini akili inapungua. Na wengi wana presha pia, ndo mambo yanazidi.

Hatari yenyewe kubwa kiasi gani?
Kuna utafiti wa wafanyakazi wa serikali London unaitwa Whitehall II, walifuatiliwa miaka 30 hivi, majibu yakatoka 2021. Waliofika miaka 70 bila sukari, kila mwaka kama 9 kati ya 1,000 walipata demensia, yaani ugonjwa wa kusahau na akili kupungua. Waliokuwa na sukari zaidi ya miaka 10, kama 18. Mara mbili, ndio, ila ona pia kwamba wengi hawakupata, kwahiyo msimzike mzee kabla ya siku yake. Kilichoonekana ni kwamba aliyeanza kuugua mapema ndo yuko kwenye hatari zaidi, sasa wewe wa miaka 42 unayesema sukari yako "ndogo tu" ujue unaongelewa wewe.

Basi tuishushe mpaka chini kabisa?
Hapana jamani, hapa ndo watu wanaumiza wazazi wao! Kwa mzee sukari kushuka sana ni mbaya pengine kuliko kupanda kidogo, na wanaoshuka vibaya mara kwa mara wameonekana kupata demensia zaidi. Kwa mzee aliyeanza kusahau madaktari wengi wanalegeza, kile kipimo cha miezi mitatu (HbA1c, kinaonyesha wastani wa sukari ya miezi hiyo) wanakubali kikae chini ya 8% badala ya kumkimbiza kwenye 7. Na kama anatumia glibenklamidi (Daonil mnayoijua) muulizeni daktari kama bado inamfaa, inashusha sana kwa wazee.

Akiamka usiku jasho linamtoka, anatukana, hawajui watu, wengine wanasema mashetani. Pima sukari kwanza. Ikiwa chini ya 4 mmol/L mpe maji ya sukari au soda ya kawaida, siyo ile isiyo na sukari, subiri dakika 15 upime tena. Akiwa hawezi kumeza usimmiminie kitu mdomoni, hospitali haraka.

Dawa anajihudumia mwenyewe, tumwache?
Kama anasahau, hapana, hasa insulini. Anajichoma saa moja, saa mbili anaona hajachoma, anarudia. Sindano zikae kwa mtu mmoja, akishamchoma anatia alama kwenye kalenda ya ukutani palepale, siyo "ntaandika baadaye".

Kuna kusahau kunakotibika?
Kupo, na ndo maana nasisitiza vipimo. Metfomini, ile dawa ya sukari, ikitumika miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na ikipungua mtu anasahau na miguu inakufa ganzi, wote mnasema sukari kumbe vitamini. Huzuni ya muda mrefu nayo inafanana sana na demensia. Na akichanganyikiwa ghafla, juzi alikuwa mzima leo hajui yuko wapi, hiyo siyo demensia inayoanza polepole, mara nyingi ni UTI, nimonia au sukari imeyumba, msisubiri tarehe ya kliniki.