Bahari ya Kenya na Somalia: yanayosemwa na yaliyoamuliwa

"Somalia ilichukua yote." Ndivyo wengi wanavyoikumbuka hukumu ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, Oktoba 12, 2021, juu ya mpaka wa baharini wa nchi hizi mbili. Si kweli. Kenya ilitaka mpaka ufuate latitudo, uende mashariki moja kwa moja kutoka karibu na Kiunga. Somalia ilitaka mstari wa kati, ulio umbali sawa kutoka pwani zote mbili, unaoshuka kusini-mashariki. Katikati ya madai hayo palikuwa na pembetatu ya bahari ya kilomita za mraba zaidi ya 100,000. Majaji waliikataa latitudo, kwani hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba Somalia iliwahi kuiridhia. Kisha wakausogeza mstari wa kati kuelekea kaskazini, kwa kuwa pwani imeingia ndani, na Kenya, iliyobanwa kati ya Somalia na Tanzania, ingepunjwa. Dai la Somalia kwamba Kenya ilikiuka sheria kwa shughuli zake katika eneo hilo nalo lilitupwa. Sehemu kubwa iliiendea Somalia, lakini Kenya haikutoka mikono mitupu.

"Jaji Msomali ndiye aliyeamua." Abdulqawi Yusuf alikuwa mmoja wa majaji, kweli. Ila kwamba hapakuwa na mpaka uliokubaliwa, majaji wote walikubaliana, hata Gilbert Guillaume aliyeteuliwa na Kenya yenyewe.

"Meli zitazuiwa kupita." Hapana. Nje ya maili 12 za baharini, nchi ina haki ya samaki na mafuta. Njia ni ya wote.

Dhana inayonisumbua zaidi ni kwamba hatari ya mgogoro huu ilikuwa vita vya manowari. Havikutokea. Madhara yalikuwa nchi kavu. Wanajeshi wa Kenya wamekuwa Somalia tangu Oktoba 2011 wakipigana na al-Shabaab, na kazi hiyo inahitaji serikali mbili zinazoaminiana. Februari 2019 Kenya ilimwita balozi wake nyumbani kwa sababu ya vitalu vya mafuta, yaani maeneo ya kutafutia mafuta, katika bahari hiyo. Mei mwaka huohuo, ndege za kutoka Mogadishu zikaamriwa kutua kwanza Wajir kukaguliwa. Desemba 2020 Somalia ikavunja uhusiano, safari hii ikilalamikia Kenya kuingilia siasa zake, hasa Jubaland, jimbo la Somalia linalopakana na Kenya. Uhusiano ukarudi Mei 2021. Hapo katikati, Januari 2020, al-Shabaab walishambulia kambi ya jeshi ya Manda Bay, Lamu, nchini Kenya. Siwezi kusema bahari ndiyo iliyosababisha shambulio hilo. Ninachosema ni kwamba majirani wenye adui mmoja walitumia miaka hiyo kununiana.