Seti ya Kwanza ya Kujazia Risasi: Yanayoaminiwa na Yaliyo Kweli

Mpwa wangu anaishi Texas, ana bunduki ya kuwindia anayoimiliki kihalali, na mwaka huu ameamua kujifunza kujaza risasi zake mwenyewe, yaani kuyatia upya fataki, baruti na vichwa maganda yaliyokwisha kupigwa. Aliponipigia simu nilikuwa nimekaa barazani kwangu Ngamiani, Tanga, na baada ya shikamoo na marahaba akaniuliza swali moja tu: "Mjomba, ninunue seti ipi ya vifaa vya kujazia?" Kabla ya kurudi nyumbani nilifanya kazi miaka kadhaa katika karakana ya bunduki huko Afrika Kusini, ambako mwenye leseni ya silaha huruhusiwa kujaza risasi za silaha hiyo, kwa hiyo swali lake halikunishangaza. Kilichonishtua ni majibu aliyokuwa nayo tayari kichwani, kwa sababu karibu yote yalikuwa yale yale niliyoyaamini mimi nilipoanza, na vijana waliokuwa wakinywa kahawa pale barazani walikuwa wakiyaitikia kwa vichwa.

Kabla ya kwenda mbali, niondoe dhana moja inayotuhusu sisi tulio huku. Kijana mmoja alisema kwamba mashine yenyewe ya kujazia risasi ni chuma chenye mpini tu, haina tofauti na jeki ya gari, basi mtu anaweza kuiagiza na kuifunga kwenye meza yake hapa Tanga bila kumuuliza mtu. Haiwi hivyo. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na chini yake kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai. Yote nitakayoyaeleza hapa chini yanamhusu mtu aliye mahali ambapo sheria inamruhusu, kama alivyo mpwa wangu.

Watu wengi husema "risasi" wakidhani ni kitu kimoja, na lugha yetu yenyewe inachangia, kwani risasi ni jina la madini na papo hapo ni jina la kile kinachotoka mtutuni. Risasi kamili ina sehemu nne: ganda, ambalo kwa kawaida ni la shaba nyeupe, fataki, iliyopachikwa kitakoni mwa ganda na inayowasha baruti ikigongwa, baruti iliyomo ndani, na kichwa kinachoruka. Baada ya kufyatua, fataki na baruti zimeungua, kichwa kimekwenda zake, lakini ganda limebaki, na hilo ndilo linaloweza kutumika tena. Kazi ya mashine ni kulirudisha ganda kwenye umbo lake, kuitoa fataki iliyokufa, kusaidia kuweka mpya, na mwishoni kukibana kichwa mahali pake. Kazi hizo hufanywa na dai, yaani vyuma vya duara vinavyofungwa juu ya mashine, na kila dai ina shughuli yake.

Hapo ndipo inapozaliwa dhana iliyo kubwa kuliko zote, kwamba mashine bora ni ile yenye kasi. Zipo mashine za mfululizo, ambazo ganda huzunguka kutoka dai moja hadi nyingine na kila mpini unaposhushwa risasi moja kamili hudondoka kwenye kisanduku. Aliyezoea huweza kutoa mia kadhaa kwa saa. Mashine ya hatua moja hushika dai moja tu kwa wakati, na mtu mwangalifu huenda asimalize zaidi ya risasi hamsini kwa saa hiyo hiyo. Mpwa wangu alikuwa ameshaipenda ile ya mfululizo. Nilimwomba afikirie jambo hili: katika mashine ya mfululizo mambo manne au matano hutokea kwa mkupuo mmoja wa mkono, na mtu ambaye bado hajui sauti ya kila kimoja wala uzito wake mkononi hawezi kutambua ni kipi kimekwenda kombo. Ganda moja likipita bila baruti, nguvu ya fataki peke yake yaweza kukisukuma kichwa hadi katikati ya mtutu kikakwama humo, na risasi inayofuata ikipigwa nyuma yake, mtutu waweza kupasuka. Ganda jingine likipata baruti mara mbili, madhara yake hayangoji risasi ya pili.

Kwa mashine ya hatua moja, maganda yote hamsini hupita dai ya kwanza, kisha hubadilishwa dai na yote hamsini hupita ya pili, na kati ya hatua na hatua husimama kwenye ubao wenye matundu, midomo ikitazama juu. Baruti ikishatiwa, kabla ya kichwa chochote kuwekwa, mtu huuinamia ubao huo akiwa na tochi na kukagua safu kwa safu. Baruti hukaa ndani ya maganda kwa kimo kimoja kama uji ndani ya vikombe vya sherehe, na lile lililozidi au lililo tupu huonekana mara moja. Ukaguzi huo ndio niliotaka mpwa wangu auzoee kwanza, na ndiyo sababu nikamshauri anunue mashine ya polepole. Ipo pia ya katikati, ambayo sehemu yake ya juu hubeba dai zote na huzungushwa kwa mkono. Si mbaya kwa anayeanza, mradi aitumie kwa kupitisha maganda yote hatua moja moja.

Dhana nyingine imeandikwa kwenye boksi lenyewe: "seti kamili". Boksi huwa na mashine, mizani, faneli, ubao wa maganda, mafuta ya kulainishia na pengine kitabu cha vipimo. Lakini seti nyingi za namna hii hazina dai ndani yake, kwa sababu dai hutegemea aina ya risasi, na muuzaji hajui bunduki yako ni ipi. Kishikio cha ganda nacho, kile kipande kidogo kinachoshika kitako chake, mara nyingi hununuliwa kando. Venia ya kupimia urefu haimo katika seti nyingi, ilhali maganda ya bunduki hurefuka kadiri yanavyotumika na hulazimika kupimwa na kukatwa. Mpwa wangu alikuwa amepanga fedha za boksi peke yake.

Katika yote yaliyomo boksini, macho ya mnunuzi hukimbilia mashine, kwa kuwa ndiyo nzito na ndiyo inayong'aa. Mimi ningemwambia kila anayeanza aitazame mizani kwanza. Baruti hupimwa kwa greni, na greni 7,000 ndizo hufanya ratili moja, kwa hiyo greni moja haifiki hata gramu 0.07. Mizani ya kujazia risasi hutakiwa kusoma sehemu moja ya kumi ya hiyo greni. Nakumbuka siku yangu ya kwanza pale karakanani: nilipima baruti, nikaandika, nikapima ile ile tena na kupata jibu jingine, nikapima mara ya tatu na kupata la tatu. Nikaanza kuilaumu mizani. Mzee aliyekuwa akinifundisha hakusema neno. Aliinuka, akaenda ukutani, akazima pangaboi. Kisahani kikatulia. Upepo ambao hata shati langu haukulitikisa ulikuwa ukikisukuma kisahani juu na chini. Tangu hapo nimeamini kwamba mwanafunzi anapaswa kununua mawe ya kuhakikishia mizani kabla ya kununua urembo wowote wa mashine, na ayatumie kila anapokaa mezani, iwe mizani yake ni ya betri au ya kulinganisha.

Wapo watakaouliza kwa nini kuhangaika hivyo, kwani wazee wetu walishindilia magobore kwa kukadiria tu, na misafara iliyotoka Bagamoyo katika karne ya 19 ilibeba baruti na bunduki hizo bila mizani ya greni. Ni kweli, na dhana inayofuata imejificha ndani ya ukweli huo. Ile ilikuwa baruti nyeusi, ambayo hupimwa kwa ujazo wa kipimo. Baruti ya leo, isiyotoa moshi mwingi, ambayo ya kwanza ilibuniwa na Paul Vieille huko Ufaransa mwaka 1884, ina nguvu kubwa zaidi, na moja huungua kwa kasi tofauti kabisa na nyingine hata kama zote mbili ni punje za kijivu zinazofanana. Haifai kuziweka mahali pa baruti nyeusi, haifai kuzichanganya, wala haifai kuchukua kipimo cha moja na kukitumia kwa nyingine. Kwa sababu hiyo kitabu cha vipimo ni sehemu ya seti sawa na mpini wa mashine: huonyesha kwa kila kichwa na kila baruti kipimo cha kuanzia na kipimo cha mwisho, na mtu huanzia chini. Chupa ya baruti hukaa na karatasi yake ya asili, na mezani huwekwa moja tu.

Kuhusu maganda, wengi huamini kwamba ganda lolote lililookotwa kwenye uwanja wa shabaha laweza kujazwa. Mulika ndani yake kwa tochi. Ukiona tundu moja katikati, hilo ni la mtindo wa Edward Boxer, na sindano ya dai itaisukuma fataki nje bila shida. Ukiona vitundu viwili vidogo, ni la mtindo wa Hiram Berdan, na sindano hiyo itapinda au kuvunjika. Jambo la ajabu ni kwamba Boxer alikuwa Mwingereza na Berdan Mmarekani, lakini Wamarekani ndio walioshika mtindo wa Boxer, na ule wa Berdan ukaenea Ulaya.

Jingine dogo: mpwa wangu aliogopa kwamba akinunua mashine ya kampuni ya RCBS atalazimika kununua dai za RCBS maisha yake yote. Mashine nyingi hutumia uzi wa kipimo kimoja, inchi 7/8 wenye nyuzi 14 kwa inchi, kwa hiyo dai za kampuni nyingine, kama Lee au Hornady, huingia humo bila taabu. Asichopaswa kusahau ni mafuta. Dai za bastola zenye kabaidi, kitu kigumu kuliko chuma cha kawaida, hazihitaji kulainishwa kwa maganda yaliyonyooka, lakini ganda la bunduki lenye shingo likiingizwa kavu hung'ang'ania ndani. Mimi nililikwamisha moja, nikauinua mpini kwa nguvu ili litoke, na kitako kikang'oka huku mwili ukibaki ndani ya dai. Tulitumia alasiri nzima kulitoboa na kulivuta.

Na je, fedha? Ganda ndilo sehemu ya gharama kubwa, na kulitumia tena hupunguza bei ya kila risasi. Lakini niliowaona walikuwa wakipiga risasi nyingi zaidi baada ya kununua mashine, na matumizi yao ya mwezi hayakushuka.

Hatimaye alinunua mashine ya hatua moja ya chuma cha kusubu, mawe ya mizani, venia na vitabu viwili. Juzi alinitumia picha ya ubao wake wa kwanza ukimulikwa na taa, maganda hamsini, baruti tayari ndani. Niliikuza picha kwa vidole na kutazama safu kwa safu. Katika safu ya nne, ganda la pili kutoka kulia, niliona weusi mtupu. Nikampigia simu, akaniambia ameshaliona, na kwamba amezirudisha baruti za maganda yote kwenye chupa yake na anaanza upya kupima.