Makombo ya bwalo la chuo: maswali na majibu kuhusu afya

Makombo yanahusianaje na afya? Si suala la mazingira tu?

Yanahusiana sana. Nzi hutaga mayai kwenye chakula kinachooza, na penye joto mayai huanguliwa ndani ya siku moja. Nzi hao hao hutoka jalalani na chooni, wakatua kwenye sahani yako na vijidudu vya kuhara. Panya nao hufuata pipa lililo wazi. Pipa la makombo liwe na kifuniko na limwagwe kila siku, hata wakati wa mitihani ambapo kila mtu ana haraka.

Kwa nini tutenganishe taka?

Chakula kina maji mengi. Ukikimwaga juu ya karatasi safi, zinaloa na hazifai tena kurejelezwa. Kikifukiwa jalalani pasipo hewa, hutoa methani, gesi inayoongeza joto la dunia. Kikitengwa na kuchanganywa na majani makavu, huwa mboji.

Tatizo, kwa maoni yangu, mara nyingi si uvivu wa wanafunzi, bali mahali pa pipa. Liweke palepale sahani zinaporudishwa, na picha ya kinachoingia na kisichoingia: tishu za kufutia mikono na vijiko vya plastiki ndivyo vinavyokosewa zaidi. Na uongozi uhakikishe kwanza kwamba taka zilizotengwa zina pa kwenda. Wanafunzi wakiona lori moja linachanganya kila kitu, hawatatenga tena, na sitawalaumu.

Tunapunguzaje makombo yenyewe?

Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na takriban tani milioni 290 zilitoka kwenye migahawa, mabwalo na huduma kama hizo. Kwa hiyo anzeni na upawa. Mpishi apakue kidogo, anayetaka aongezewe. Kisha pimeni makombo kwa wiki moja, ya jikoni mbali, ya sahani mbali. Ya jikoni yakizidi, mnapika kupita idadi ya walaji. Ya sahani yakizidi, ama mnapakua mno ama chakula hakiwapendezi, na hapo waulizeni walaji wenyewe.

Nikihifadhi kiporo bwenini, sitaumwa?

Inategemea muda. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Kihifadhi kwenye jokofu chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, na ukipashe hadi kifikie nyuzi 70 katikati, si pembeni tu. Wali uwe nao makini: bakteria aina ya Bacillus cereus wanaweza kuacha humo sumu isiyoharibiwa na moto wa kupashia. Wali uliolala mezani usiku kucha, utupe, hata kama haunuki. Huna jokofu? Basi usibebe kiporo. Omba kidogo tangu mwanzo.