Wajina si ndugu: makosa ya kutafuta asili ya mlowezi wa Marekani

Wiki hii nimeletewa tena mti wa ukoo uleule. Mlowezi alifika Massachusetts miaka ya 1630. Mteja akaingia intaneti, akakuta mtoto wa jina hilo kabatizwa Uingereza mwaka unaokaribiana, basi, huyo ndiye! Kutoka hapo kapanda vizazi sita mpaka kwa mtu wa kasri.

Hao ni wajina tu. Waingereza wa zama zile walizungusha majina machache: John, Thomas, William, Mary, Elizabeth. Mabinamu watatu wa parokia moja waliweza kuitwa jina moja. Ukimtafuta Juma Ali Tanga nzima, utamkumbatia wa kwanza kuitika?

Mtazame Stephen Hopkins, abiria wa Mayflower, meli iliyowapeleka walowezi wa Kiingereza Marekani mwaka 1620. Kwa muda mrefu watu walimtoa Wotton-under-Edge, Gloucestershire, wakamwoza Constance Dudley. Mwaka 1998 mtafiti wa nasaba Caleb Johnson akachapisha alichokikuta kwenye rejista ya parokia ya Hursley, Hampshire, yaani kitabu cha kanisa cha ubatizo, ndoa na mazishi: Stephen Hopkins mwenye watoto Elizabeth, Constance na Giles. Constance na Giles ndio waliokuwamo melini na baba yao. Mke wa kwanza kumbe alikuwa Mary, aliyezikwa hapo Hursley mwaka 1613. Jina la baba peke yake lilikuwa limewapoteza watu. Nyumba nzima ndiyo iliyomtambulisha.

Kwa hiyo nawasihi, anzeni Marekani. Someni wosia wake, hati za shamba, kesi za mahakamani, kisha someni za majirani zake pia. Wengi walivuka bahari na mashemeji, wanakijiji wenzao, hata mchungaji wao; walikotoka hao huenda ndiko kwao. Hapo sasa fungueni rejista za parokia, zilizoamriwa kuanzishwa mwaka 1538. Na ukimpata mtoto wa jina lile, tafadhali, pitia kurasa za mazishi kabla hujafurahi. Wengi walizikwa hata hawajatembea.

Wengine huniambia: "Jina letu lilibadilishwa Ellis Island." Kituo hicho cha kupokea wahamiaji, bandarini New York, kilifunguliwa mwaka 1892, na makarani wake walifuata orodha zilizoandikwa kabla meli haijafika. Mlowezi wa 1635 hahusiki.

Au: "Ukoo wetu una nembo," yaani ile ngao ya kikabaila yenye picha. Uingereza nembo ni ya mtu na wazao wake halali, haiwi ya kila mwenye jina hilo.

Tarehe nazo: hadi mwaka 1752, mwaka wa kisheria wa Waingereza ulianza 25 Machi. Februari 1640 ya karani huenda ni 1641 yetu, kwa hiyo ukikuta ndoa ya Juni 1640, usiseme mtoto wa Februari hiyo kazaliwa kabla ya ndoa.

Na mkikuta kwenye wosia neno "mother-in-law", ambalo leo Waingereza humwitia mama mkwe, msikimbilie kumtafutia mwenye wosia mke. Enzi hizo lilimhusu pia mama wa kambo.