Hiyo si presha: maana ya shambulio la hofu

Mtu akianza kutweta kwenye foleni ya benki, jasho likamtoka, vidole vikafa ganzi, akashika kifua na kusema "nakufa", waliomzunguka hawakawii kutamka: "Presha hiyo." Mmoja anatafuta chumvi amlambishe, mwingine anampepea kwa gazeti, wa tatu anafungua mkoba na kutoa kidonge anachotumia mama yake. Wote wana nia njema, ila neno walilolishika limewapoteza njia.

Tuseme maana kwanza. Shambulio la hofu ni hofu kali inayomvamia mtu ghafla na kufika kileleni ndani ya dakika chache, mara nyingi zisizozidi 10. Wataalamu wana orodha ya dalili 13, na huhesabu kuwa ni shambulio kamili zikitokea angalau 4 kwa pamoja: moyo kwenda mbio, jasho, kutetemeka, pumzi kubana, kukabwa koo, maumivu ya kifua, kichefuchefu, kizunguzungu, baridi au joto la ghafla, ganzi, kuona dunia kama si ya kweli, kuhofia kurukwa na akili, na kuhofia kufa. Mashambulio yakirudi bila sababu ya wazi, na mtu akaishi mwezi mzima au zaidi akiliogopa lijalo au akibadili mwenendo wake ili kulikwepa, hapo huitwa ugonjwa wa hofu.

Sasa turudi kwenye hilo neno presha.

Limetoka kwenye Kiingereza, na maana yake ya msingi ni msukumo: presha ya tairi, presha ya maji kwenye bomba. Hospitalini likawa kifupi cha presha ya damu, yaani shinikizo la damu, nguvu ambayo damu inasukuma nayo kuta za mishipa. Mtaani likaendelea kutanuka. "Usinipe presha" ni usiniharakishe. "Mechi ya presha" ni mechi ya roho juu. "Presha imenipanda" ni nimeogopa, au nimekasirika, au moyo unanidunda. Na mtu akianguka ghafla msibani, "presha ilimchukua" hata kabla daktari hajafika.

Mechi ibaki na presha yake, haidhuru. Madhara yanaanza pale neno moja linapobeba kipimo cha mwili na hisia ya moyo kwa pamoja, watu wakaamini kwamba presha ni kitu unachokisikia. Shinikizo la juu la damu kwa kawaida halisikiki. Mtu anaweza kutembea na 170/100 miaka kadhaa, analala vizuri, anakula vizuri, huku figo na mishipa ya ubongo ikiharibika. Hujulikana kwa mashine: 140/90 au zaidi, kwa vipimo vya siku mbili tofauti. Aliyefundishwa na mtaa kwamba presha ni moyo kudunda huacha vidonge vyake akijisikia mtulivu, na kiharusi humkuta siku hiyo hiyo ya utulivu.

Upande wa pili, mwenye shambulio la hofu anameza dawa ya presha ya mwenzake. Nyingi ya dawa hizo hushusha shinikizo la damu na kumwongezea kizunguzungu, na kizunguzungu ndicho kilichomtisha tangu mwanzo. Propranolol na atenolol, ambazo watu wengi wanazo nyumbani, hupunguza mapigo ya moyo, lakini zinaweza kubana njia za hewa za mwenye pumu hadi akashindwa kupumua. Usimpe mtu kidonge kisicho chake.

Na hiyo "presha ya kushuka" inayotibiwa kwa chumvi? Wakati wa shambulio la hofu shinikizo la damu hupanda kwa muda, halishuki. Ndiyo maana wengi huhisi wanazimia lakini hawazimii: ili mtu azimie, damu inayofika kwenye ubongo lazima ipungue ghafla, na hapa moyo unasukuma kwa nguvu zaidi. (Wanaozimia wakiona damu au sindano wana hali nyingine, kwao ndiko shinikizo hushuka kweli.) Kwa sababu hiyo hiyo, mashine ikifungwa mkononi mwa mtu anayetetemeka itasoma juu, na namba hiyo haimfanyi kuwa mgonjwa wa presha. Aketi kimya dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili chini, mkono usawa wa moyo, bila kuongea, tena awe hajanywa kahawa wala kuvuta sigara kwa nusu saa. Kisha apimwe mara mbili, dakika moja au mbili zikipita katikati.

Neno la pili linalochanganya ni mshtuko. Mshtuko wa moyo ni mshipa unaolisha moyo kuziba, na sehemu ya msuli wa moyo kuanza kufa kwa kukosa damu. Lakini kushtuka, kwa Kiswahili cha kila siku, ni jambo la hofu. Ukisikia "alipata mshtuko", hujui kama alipelekwa chumba cha wagonjwa mahututi au aliona nyoka. Hata madaktari walihangaika na mpaka huu. Mwaka 1871 daktari Mmarekani Jacob Mendes Da Costa aliandika juu ya askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani waliolalamikia mapigo ya kasi, maumivu ya kifua na pumzi kubana, na mara nyingi uchunguzi wa mioyo yao haukuonyesha ugonjwa unaolingana na malalamiko. Hali hiyo ikaja kuitwa moyo wa askari. Ugonjwa wa hofu ulipata jina lake lenyewe katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980.

Maneno mengine tuliyonayo nayo hayalingani. Wasiwasi ni la Kiarabu, asili yake mnong'ono, na wanaosoma Surat an-Nas wanalijua: ni kitu cha kunong'ona polepole siku nzima, hakiji na kuisha ndani ya nusu saa. Taharuki ni ndugu wa harakati, ina mwendo ndani yake, na hulikaa vizuri kundi la watu: taharuki ilitanda sokoni. Vijana wana kupaniki, ila wao humaanisha kuhamaki. Inasikitisha kidogo, maana asili yake ingetufaa. Ni Pan, mungu wa wachungaji katika hadithi za Wagiriki, aliyesemekana kuyatia makundi ya mifugo hofu ya ghafla yakakimbia ovyo na adui haonekani.

Adui haonekani, lakini mwili umeshajiandaa kupigana naye. Adrenalini imemwagika, moyo unaongeza kasi, mtu anapumua haraka kuliko anavyohitaji. Akipumua hivyo, hewa ya kaboni dioksaidi hupungua kwenye damu. Mishipa ya ubongo hujibana kidogo, kichwa kikawa chepesi. Kalsiamu inayotumiwa na neva hupungua, ganzi ikaja kwenye midomo na vidole, wakati mwingine vidole vikajikunja vyenyewe. Oksijeni ipo ya kutosha. Kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni mara nyingi husoma asilimia 98 au 99 huku mtu anaapa hana hewa. Mwaka 1986 mwanasaikolojia Mwingereza David Clark alieleza jinsi duara linavyofungwa: mtu anahisi jambo mwilini, analitafsiri kuwa ni maafa, hofu inapanda, mwili unaitikia, naye anaona amepata ushahidi kwamba kweli anakufa.

Kwa hiyo ile hofu ya kufa, roho kuwa mkononi, ni dalili ya 13 kwenye orodha. Inatoka kulekule ilikotoka ganzi, na ukali wake haukadirii hatari iliyopo. Anayeipitia haigizi hata kidogo, na kumwambia "jikaze" ni kumwacha peke yake.

Hata hivyo, mara ya kwanza nenda hospitali. Nenda haraka zaidi kama una zaidi ya miaka 40, kisukari, shinikizo la damu au unavuta sigara. Kama maumivu yanabana kama mzigo juu ya kifua, yanakwenda mkononi, taya au mgongoni, yanakuja ukipanda ngazi, au hayaachii baada ya dakika 15. Kama umezimia, au upande mmoja wa mwili umelegea. Kipimo cha umeme wa moyo, sukari, wingi wa damu na homoni za tezi ya thairoidi hujibu maswali mengi. Mweleze daktari pia kahawa, vinywaji vya kuongeza nguvu, mirungi, na dawa ya pumu ya kuvuta. Vipimo vikishatoka safi, kuvirudia kila wiki hakusaidii. Kila kipimo kipya hutuliza siku chache, kisha shaka hurudi kudai kingine.

Shambulio likija, watu hupiga kelele: "Vuta pumzi! Vuta ndefu!" Huo ni ushauri wa kinyume, kwa sababu mtu huyo tayari amevuta hewa kupita kiasi. Anachohitaji ni kutoa. Afunge mdomo, avute kwa pua taratibu kwa hesabu ya 4, hewa ya kawaida tu, tumbo ndilo linyanyuke na mabega yatulie. Kisha atoe kwa hesabu ya 6. Aendelee hivyo dakika 5. Mfuko wa karatasi ambao wengine humwekea mtu mdomoni apumulie ndani, uacheni. Kama tatizo ni moyo au pumu, utamnyima hewa anayoihitaji kweli. Abaki pale alipo ikiwa ni salama, ahisi nyayo zake sakafuni, ajiambie jina la kitu chenyewe: "hili ni shambulio la hofu, litashuka." Asishike mshipa wa mkono kuhesabu mapigo. Na zoezi hili la pumzi asilifanye kwa nia ya kulifukuza shambulio. Akishindana nalo na kuchungulia kila sekunde kama limeondoka, linakaa zaidi.

Kazi kubwa iko katikati ya shambulio na shambulio. Mtu huanza kukwepa daladala, kisha safu ya mbele msikitini au kanisani, kisha hatoki bila mtu wa kumsindikiza na chupa ya maji. Kila kukwepa kunatuliza leo na kuipanua hofu kesho. Tiba ya kisaikolojia inayobadili fikra na tabia humrudisha hatua kwa hatua, na humzoesha dalili zenyewe kwa makusudi: kukimbia palepale dakika 1, kuzunguka kwenye kiti dakika 1, kupumua kwa mrija dakika 1 au 2, hadi mwili ujue kuwa moyo kwenda mbio hauui. (Mwenye ugonjwa wa moyo, pumu, kifafa au mimba aulize daktari kwanza.) Dawa kama sertraline na fluoxetine husaidia pia, huanzwa kwa dozi ndogo, siku za mwanzo zinaweza kuongeza wasiwasi, na nafuu huhitaji wiki kadhaa. Baadhi huziacha mapema wakidhani zimewadhuru. Diazepam hutuliza haraka, lakini mwili huizoea na kuiacha huwa kazi.

Basi jirani akikwambia presha imempanda, usimkatize wala usimsahihishe mbele za watu. Mketishe, mwache atoe pumzi, kisha muulize kwa upole: "Imesoma ngapi?" Kama hakupima, muulize anahisi nini. Atakwambia moyo unakwenda mbio na anaogopa, na hayo ndiyo maneno ya kumpelekea daktari.