Ida B. Wells na kazi ya kuhakiki sababu

Kila ninapowafundisha waandishi chipukizi namna ya kuripoti ubaguzi wa rangi, huanzia Memphis, Marekani, mwaka 1892. Mwezi Machi mwaka huo wanaume watatu weusi, Thomas Moss, Calvin McDowell na Will Stewart, walitolewa mahabusu usiku na kundi la wazungu, wakapelekwa nje kidogo ya mji na kupigwa risasi. Walihusika na duka la vyakula lililokuwa likimpunguzia wateja mfanyabiashara mzungu wa mtaa huohuo. Moss alikuwa rafiki wa Ida B. Wells, mwanamke mweusi aliyekuwa mhariri na mmiliki mwenza wa gazeti la Free Speech la Memphis. Kifo chake kilimfanya Wells ahoji dai ambalo, kwa maelezo yake mwenyewe, hata yeye alikuwa amelikubali hadi wakati huo: kwamba weusi waliouawa na makundi ya namna hiyo walikuwa wamebaka wanawake wa kizungu.

Aliyoyafanya baadaye ni kazi ya uandishi wa habari kwa maana yake kamili. Alichukua takwimu za mauaji zilizokusanywa na Chicago Tribune, gazeti la wazungu, ili pasiwepo mtu wa kumwambia kwamba ametia chumvi, kisha akavipanga vifo hivyo kwa kufuata sababu zilizotajwa. Kati ya watu weusi 728 waliouawa katika kipindi cha miaka minane, ni theluthi moja tu waliokuwa wametuhumiwa ubakaji, achilia mbali kuthibitika kwa tuhuma zenyewe. Wengine waliuawa kwa madai ya mauaji au uchomaji wa mali, na wapo ambao kosa lao lilikuwa kugombana na wazungu.

Takwimu hazikumtosha, akaenda kwenye matukio. Huko Mississippi iliripotiwa kwamba mwanamume mmoja mweusi aliuawa kwa sababu alimbaka binti wa sherifu (mkuu wa ulinzi wa eneo hilo), mtoto wa miaka saba. Wells alipofika alimkuta binti huyo ni msichana wa zaidi ya miaka 17, ambaye baba yake alikuwa amemkuta ndani ya kibanda cha mwanamume huyo. Umri wa mtoto, ambao ndio uliowafanya wasomaji waone mauaji yale yana haki, ulikuwa uongo ambao mwandishi yeyote angeweza kuugundua kwa safari moja.

Mwezi Mei 1892, baada ya Wells kuandika tahariri iliyoyakana waziwazi madai ya ubakaji, ofisi ya Free Speech iliharibiwa naye akatishiwa kuuawa. Alikuwa safarini, hakurudi Memphis, na akaendelea kuandika akiwa New York.

Ninasisitiza historia hii kwa sababu ubaguzi wa rangi haukuhitaji magazeti yenye chuki ili usambae. Ulihitaji wahariri waliochapa maelezo ya sherifu kama yalivyoletwa. Mwaka 2018 gazeti la Montgomery Advertiser la Alabama liliomba radhi kwa jinsi lilivyoripoti mauaji ya weusi yaliyofanywa na makundi enzi zile, na naamini magazeti mengi zaidi yana deni hilo.

Hatari yenyewe bado ipo. George Floyd, mwanamume mweusi aliyekuwa akikamatwa na polisi, alipofariki Minneapolis, Marekani, mwezi Mei 2020, taarifa ya kwanza ya polisi ilieleza kwamba alionekana kuwa na tatizo la kiafya, bila kutaja goti la polisi lililomkandamiza shingoni. Ukweli ulitoka kwenye video ya Darnella Frazier, binti wa miaka 17 aliyekuwa akipita njia. Kama asingesimama na kurekodi, chumba cha habari kilichoichapa taarifa ile bila kumtafuta shahidi hata mmoja kingekuwa kimesaidia kuficha mauaji, hata kama kila mwandishi aliyekuwemo aliuchukia ubaguzi kwa dhati. Ndiyo maana wanafunzi wangu nawataka, kabla ya kuandika neno lolote la kulaani, waeleze nani ametaja chanzo cha kifo, alikuwa wapi tukio lilipotokea, na familia ya marehemu inasema nini.